Viazi Vilivyolala Jangwani

Kila anayeonja viazi vyangu vya kuoka huniuliza swali lilelile: "Bibi Chausiku, humu umeweka nini?" Nikimjibu tui, chumvi na iliki, basi, ananitazama kwa jicho la pembeni akidhani namficha. Mmoja wenu, yule mwenye mgahawa kule Ilala na oveni ya umeme inayowaka taa ndani, alinisihi nimwambie ukweli kabla sijafa. Nikamwambia kufa nitakufa, baba, lakini sukari sijaweka. Sasa ninyi nyote mnaopika kwa kuuza, tulieni mnisikilize, maana jibu lenu ni refu na lina Mnyamwezi ndani yake.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa bekari, hapohapo Kariakoo, nyuma ya soko. Niliingia msichana wa kufagia na kuosha trei, nikatoka na wajukuu. Tanuri letu lilikuwa la matofali na la kuni, limeingia ndani kuliko vyumba mnavyopanga siku hizi. Halikuwa na namba wala kitufe. Kipimo chake cha joto alikuwa Bi Tatu.

Bi Tatu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mzaramo kama mimi, ila mimi wa Kisarawe na yeye wa mjini, kazaliwa Mtaa wa Swahili na kukulia hapo. Mfupi, mnene, khanga kiunoni, na ulimi ambao hata madereva wa malori waliuogopa. Asubuhi makaa yakishasukumwa pembeni na sakafu ya tanuri ikishapanguswa kwa gunia bichi, alichota pumba za mahindi kidogo na kuzirusha ndani. Zikiwaka papo hapo, alisema tungoje, tanuri lina hasira. Zikikaa zikageuka kahawia polepole, alisema haya, ingizeni. Mimi mpaka leo siamini namba za oveni zenu mpaka nimerusha pumba, na mkwe wangu ananiona mchawi.

Siku ya kwanza niliyopewa kuangalia tanuri nilifungua mlango wake mara kwa mara nione kinachoendelea. Bi Tatu akaniuliza, mbele ya watu wote, "Unachungulia nini, mume wako yumo humo?" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikuwa na haki. Ukifungua mlango joto linatoka, kiazi kinakauka nje na ndani bado kinakudai moto. Nikiona mtu anafungua-fungua oveni, ulimi unaniwasha vilevile.

Mtauliza bekari na viazi wapi na wapi. Wala hakuna aliyepanga. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, mvua zilikuwa zimekataa huko bara, na unga wa ngano ukawa unasikika tu, hauonekani. Leo unakuja nusu lori, kesho hauji, baadaye hauji kabisa. Watu walipanga foleni mlangoni kwetu tangu alfajiri kwa mazoea, wakatuona tumekaa tumekunja mikono, wakaondoka. Tanuri likapoa. Sijui kama mmewahi kusikia baridi ya tanuri lililozoea moto, inaingia mpaka rohoni.

Meneja wetu, Ndugu Meneja tulivyokuwa tukimwita, alikuwa mtu mpole wa Kilimanjaro, hana makuu. Akatuambia kweli yake: bekari isiyooka itafungwa na sisi tutapewa barua za kuachishwa. Na zama hizo kuachishwa kazi mjini halikuwa jambo dogo. Mtu asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, anapandishwa lori anapelekwa kijijini akalime. Mimi ningerudi Kisarawe kwa mama, ningelia lakini ningefika. Bi Tatu hakuwa na kwa kufika.

"Mimi watanirudisha wapi?" alisema siku ile, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kitovu changu kimezikwa Mtaa wa Swahili."

Nilimhurumia mpaka nikashindwa kumtazama. Mama yule alikuwa amewalisha mkate watu wa mji huu tangu hajaolewa, na sasa mji unataka kumwambia si wake.

Basi yeye mwenyewe ndiye aliyekuja na wazo. Alikuja na kikapu cha viazi vitamu kutoka sokoni, maana viazi vilikuwepo, vinatoka Mkuranga na Ruvu, wala havikupangiwa foleni. Akawasha tanuri, akavioka vizima na maganda yake, akavipasua, akavimwagia tui zito lenye chumvi na iliki, akavirudisha ndani mpaka tui likashika. Ndugu Meneja alikula kimoja. Akala cha pili. Akasema kiazi hiki kinaweza kukaa sahani moja na samaki pale mkate ulipokuwa ukikaa, na mtu asilalamike.

Hapa ninyi wapishi fungueni masikio. Kiazi kilichochimbwa leo hakina utamu, utamu unakuja kikilala. Kiweke kivulini, pakavu, penye hewa, kisahau siku kadhaa. Usikioshe mpaka siku ya kukipika. Kioshe mapema uone kitakavyooza, na usije kwangu na machozi. Ukishakimenya kitumbukize kwenye maji ya chumvi kisiwe cheusi. Na moto uwe wa taratibu, kiazi kipate nafasi ya kutoa asali yake mwenyewe. Ndiyo sukari mnayonidai hiyo.

Ndugu Meneja akaenda kuongea na wakubwa, akarudi na neno. Jumamosi wafanyakazi wa viwanda walikuwa na mkutano wao Mnazi Mmoja, na baadaye wangekula pamoja. Samaki na maharage wangepika wengine. Sisi tulete viazi. Watu wakiridhika, bekari inabaki wazi, tunaoka viazi mpaka unga urudi. Wakivikataa, Jumatatu mlango unapigwa kufuli. Alisema hivyo akitazama chini, na sisi tukaenda kutafuta kuni.

Sasa nimlete huyo Mnyamwezi. Aliitwa Mihayo, alikuwa na mkokoteni pale sokoni, na mizigo yetu yote alibeba yeye. Ninyi siku hizi utani mnaujua wa mpira tu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao wakija pwani na mizigo kichwani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuingia jikoni akala chakula chako, na wewe ukinuna wewe ndiye mwenye aibu. Unamngoja, unamlipizia. Mihayo alituita watumwa wake, Bi Tatu akamwita mtumwa wake, kisha wakaamkiana vizuri na kazi ikaendelea. Jina lake la Mihayo Bi Tatu hakulitumia hata siku moja. Alikuwa "mtani", basi.

Wiki iliyotangulia alikuwa ametuweza. Aliingia uani mbio, jasho linamtoka, akaapa kwa Mungu kuna nyoka kwenye kuni. Wanawake tulitoka mpaka barabarani, mmoja bila viatu. Tuliporudi Mihayo alikuwa amekaa kwenye benchi letu anamalizia viazi vya chakula chetu cha mchana, akatuuliza kama nyoka tumemwona. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ingawa nilishinda na njaa siku ile.

Alhamisi lori la viazi likafika, limechelewa. Mvua ilikuwa imenyesha sana, likanasa kwenye bonde la Jangwani, likalala huko. Dereva alisema tu barabara mbaya, akatia saini na kuondoka haraka. Magunia yalionekana makavu, jua lilikuwa limeyapiga vizuri. Mihayo akaanza kuyabeba. Alibeba moja akalipeleka stoo. Alipobeba la pili akasimama nalo mgongoni, akalitikisa, akalitua chini. Akalirudia la kwanza akalinyanyua tena. Halafu akaanza kuyagawa, haya stoo, haya mlangoni.

Akaja kwa Bi Tatu, akashusha sauti, akasema, "Bi Tatu, yale ya stoo yamelala majini. Yale hayaivi."

Bi Tatu alikuwa anapepeta pumba, hata hakuinua kichwa. "Tangu lini Mnyamwezi akajua kuoka? Kwenu kiazi mnakikata mnakianika juani, mkala michembe mikavu kama mbuzi."

Tukacheka. Mihayo akasema gunia la stoo linazidi uzito mwenzake wa ukubwa uleule, na mgongo wake haujawahi kumdanganya. Tukacheka zaidi. Akasema haki ya Mungu. Bi Tatu akamuuliza ni Mungu yuleyule wa nyoka au amepata mwingine. Hapo hata mimi nilishika mlango nisianguke. Mihayo alitutazama, akatikisa kichwa, akaenda kumalizia kazi yake. Yale magunia mengine aliyapanga palepale mlangoni mwa bekari, nusu ya njia imezibwa, akasema tusiyasogeze. Tukajua ndiyo amelipiza. Siku mbili tunayaruka na trei mkononi, tunamlaani, yeye yuko ng'ambo ya barabara kwenye mkokoteni wake.

Jumamosi tukaamka na furaha. Niamini mimi, tulikuwa tunaimba. Tukavitoa viazi vya stoo, vikubwa, vizuri, ganda halina doa, tukaviosha, tukavipanga kwenye trei, Bi Tatu akarusha pumba, zikageuka kahawia, akasema ingizeni. Mlango ukafungwa. Hakuna aliyechungulia.

Ulipofika wakati wake Bi Tatu akatoa trei ya kwanza na kuchoma kiazi kwa kijiti. Kijiti kikapenya kidogo, kikakwama. Akachoma kingine. Akasema labda moto umepungua, tukarudisha, tukaongeza makaa. Tukangoja. Vikatoka maganda yamejikunja, yanang'aa, na ndani vigumu vilevile, ukitafuna vinalia menoni. Mimi ni mtu wa mashambani, nilikuwa nimesikia kwamba kiazi kilichopigwa na maji hakilainiki hata ukipike mwaka, lakini nilikuwa sijakiona kwa macho. Siku ile nilikiona, tena trei nzima nzima.

Baadaye tulikuja kujua yaliyotokea. Kule Jangwani walishusha sehemu ya magunia ili lori litoke kwenye tope, maji ya bondeni yakaja yakayakuta chini, yakalala humo. Yaliyobaki juu ya lori hayakuguswa. Dereva aliyaanika magunia yakakauka, akatuficha.

Lakini saa ile hatukujua lolote zaidi ya kwamba watu wanaanza kukusanyika Mnazi Mmoja na sisi hatuna cha kuwapa. Wenzangu walianza kusema wote kwa pamoja. Bi Tatu alikaa juu ya kreti tupu la mkate, akaweka mikono magotini. Mwanamke yule nilimjua akiwa na hasira, nilimjua akiwa na kicheko, kunyamaza kwake sikukujua. Niliogopa sana. Nilimwona tayari yuko juu ya lori na kifurushi chake, anapelekwa mahali ambapo hakuna mtu anayemjua jina.

Kisha akainuka. Akayaruka yale magunia ya mlangoni, akavuka barabara, na mimi nyuma yake. Mihayo alipotuona akaanza kutabasamu, ana neno lake tayari mdomoni.

"Mihayo," Bi Tatu akasema.

Lile tabasamu likaondoka. Akashuka kwenye mkokoteni akasimama, kama mtu anavyosimama mbele ya mama yake.

"Mihayo, nilikusikia na nilicheka. Nisaidie, mwanangu."

Akamjibu taratibu, hakuna hata chembe ya utani. "Yale ya mlangoni ni makavu, mama. Nimeyatenga mwenyewe. Nilijua mtayataka."

Nilimuuliza, na nilikuwa karibu kulia, kwa nini hakusisitiza. Akasema alisisitiza, akaapa, tukacheka. Mtani akirudia kweli yake mara nyingi inakuwa ugomvi, na yeye hakutaka kugombana na nyumba inayompa chakula. Kwa hiyo aliyaweka mahali ambapo hatungeweza kuyasahau.

Sasa saa zilikuwa zimekwenda, viazi vizima visingewahi kuiva. Ndipo Bi Tatu akasema vikatwe vipande, unene wa kidole, tuvipange kwenye trei za mkate moja juu ya nyingine, tui tulimwage bichi humohumo, tufunike na majani ya mgomba, tuingize. Hatukuwahi kupika hivyo. Wauza nyanya wa mlango wa pili walituletea visu vyao, wakaja na mikono yao. Wengine wanakuna nazi, wengine wanakamua tui. Mihayo naye akakaa chini kumenya, anaondoa ganda na nusu ya kiazi pamoja. Bi Tatu alimtazama mara moja, akageuka. Akamtazama tena.

"Mtani, unamenya au unachonga mwiko?"

Kicheko kilichotoka pale uani sijakisikia tena maishani. Mihayo alicheka mpaka akajikata kidole. Nami nikajua tumepona, ingawa trei hata moja ilikuwa haijaingia motoni.

Tuliondoa majani mwishoni kabisa, tui likashika juu rangi ya kahawia, pembeni limekauka limegandana na chuma. Iliki inanukia mpaka mtaa wa pili. Tukapakia trei kwenye mkokoteni, Mihayo anasukuma, sisi tunashikilia huku na huku, tunapita katikati ya watu tukipiga kelele wapishe, moto, moto. Tulifika wakati sahani zinaanza kugawiwa.

Sitasema walishangilia, watu wenye njaa hawashangilii, wanakula. Tulisimama pembeni tukitazama midomo yao. Mzee mmoja mwenye ovaroli alimaliza cha kwake, akaja na sahani mkononi mpaka kwenye trei, akaniuliza kwa upole kama anaweza kupata ile ya pembeni, ile iliyoshika. Nyuma yake akaja mwingine. Baadaye ikawa foleni, na mimi nilikuwa sijaona foleni ikija kwetu na kuondoka na kitu tangu unga uadimike. Ndugu Meneja alikula amesimama, akakwangua sahani, akatujia. Akasema, "Jumatatu njooni na visu vyenu." Bi Tatu alijifunika uso kwa khanga, akalia mbele ya watu wote.

Tangu siku ile hatukuoka tena kiazi kizima. Unga uliporudi tuliendelea na mikate, lakini trei ya mwisho, ile inayoingia tanuri likianza kuchoka, ilibaki ya viazi mpaka nilipostaafu. Moto wa uchovu ndio moto wake. Kwa oveni zenu, washeni, ikipata moto punguzeni, na nawaomba msichungulie. Kabla ya kununua, nyanyueni gunia. Mkiona ni zito kuliko mwenzake, ulizeni limelala wapi. Na mtu mliyezoea kucheka naye akishusha sauti, acheni kupepeta, inueni kichwa.

Bi Tatu alifariki mzee kabisa, nyumbani kwake Mtaa wa Swahili, kitandani kwake. Siku ya maziko jeneza lilipokuwa linatolewa, njia ikawa imezibwa. Mihayo, naye kichwa cheupe, alikuwa ameleta gunia la viazi, kalitua katikati ya mlango na kulikalia. Akatangaza kuwa mtumwa wake hatoki humo mpaka alipwe. Vijana wasiojua utani wakataka kumsukuma. Mimi nilikuwa nimelia usiku kucha, sina nguvu ya mchezo. Nikamshika bega nikamwambia, "Mihayo, tafadhali."

Akaniinulia macho, yamejaa machozi. "Leo usiniite hivyo, Chausiku. Leo niite mtani."

Nikakusanya sauti yangu. "Toka mlangoni, mtani, unanukia michembe."

Watu wakacheka huku wanalia, naye akainuka akalisogeza gunia lake, jeneza likapita. Tukamzika hapahapa mjini, mwendo mfupi tu kutoka tanurini kwake. Hakuna aliyemrudisha popote. Viazi vile niliviokea matanga siku hiyohiyo, lakini kwanza nililinyanyua gunia nikalipima kwa mgongo. Lilikuwa kavu.